Kipimo cha Kiti Kimoja

“Nyamazeni! Nimesema nyamazeni, naanza kupima!”

“Pima hata dunia nzima, mimi nataka jibu!”

“Dakika mbili tu, mke wangu. Mbili!”

“Dakika mbili zako nazisubiri tangu Jumapili! Nimekwambia nimepata kazi. Nimepata kazi, nataka kwenda, wewe unasemaje?”

Mume alikuwa sebuleni, mke jikoni na mwiko mkononi, na katikati yao, kwenye kochi, alikaa mdogo wa huyo wa jikoni, jamaa mrefu mwembamba ambaye mtaa mzima unamwita Antena. Antena alikuwa ameambiwa asihemee puani kwa sababu pua yake inapiga filimbi. Basi alikuwa anahemea mdomoni.

Shemeji yake akabonyeza kitufe cha mashine yake mpya ya muziki hivyo hivyo. Spika ya kushoto ikatoa mlio ulioanzia chini kabisa, kama lori linalopita mtaa wa pili, ukapanda, ukapanda, ukawa mwembamba kama wa mbu, ukaisha. Ya kulia nayo hivyo hivyo. Kwenye kiti kikubwa katikati ya chumba hakukaa mtu. Palisimama maiki ndogo juu ya kijiti cha miguu mitatu, kimo sawasawa na masikio ya Shemeji, alikipima kwa futi. Huko jikoni Dada hakuacha: “Nataka kwenda! Unasikia? Nataka kwenda!” Mlio ukapita mara ya tatu, ukachukua na hayo. Kwenye kioo cha mashine yakatokea maandishi: Kasoro kumi na moja zimepatikana. Subiri. Halafu: Zimeondolewa.

Dada akatokea mlangoni, mdomo unakwenda, mwiko unakwenda. Hakusikika.

Shemeji akaondoa maiki, akakaa kitini, akaweka muziki, akafumba macho.

“Sasa,” alisema. “Sasa hiki ndicho chumba.”

Huyu Shemeji alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ni kuzunguka sokoni na kwenye maduka ya nafaka na mkoba wa mawe ya shaba, kila jiwe na shimo lake, kuanzia la kilo mpaka lile la gramu moja linaloshikwa kwa kibano. Akikuta mzani unadanganya anaufungia, na mwenye duka hana la kusema. Hakuwa mtu mbaya. Hakupiga mtu, hakulewa, viatu alivulia mlangoni. Sokoni walimwita Bwana Gramu, na yeye alijua na hakujali.

“Kila chumba ni muongo,” alipenda kumwambia Antena. “Spika inasema ukweli, chumba kinatia chumvi. Kona zinaongeza bezi, ile ngurumo ya chini, kioo kinarudisha maneno, kochi linameza. Mashine inausikiliza huo uongo wote, halafu inauondoa.”

Kitabu cha mashine kilisema upime sehemu nane, kila mahali anapokaa mtu, na nyumba nzima iwe kimya. Yeye alipima sehemu moja. “Kwani nani mwingine anasikiliza?” aliuliza. Hakujibiwa, maana aliyekuwepo ni Antena tu, na Antena alikuwa mgeni aliyetimiza mwezi wa nane. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mgeni wa mwezi wa nane hana hata la kuuliza. Alikuwa fundi wa madirisha ya alumini, karakana yao ilikuwa karibu na hapo, na usiku alilala kwenye kochi hilo hilo linalomeza sauti, miguu ikining’inia.

Dada, kabla ya kuolewa, alikuwa fundi wa meno ya bandia. Alikuwa na mkono wa ufundi. Aliwahi kumchongea mzee mmoja jino la mbele akaliacha na ule upogo mdogo aliokuwa nao mzee tangu ujana. Mzee alipojiangalia kwenye kioo aliomba aachwe peke yake kidogo. Alipoolewa Shemeji alimwambia apumzike kidogo. Kidogo hicho kilikuwa na miaka sita. Sasa daktari wa meno aliyekuwa akifanya naye kazi zamani alikuwa amefungua karakana ya meno kwenye mji mwingine, mwendo wa saa saba kwa basi, na alileta ujumbe: nafasi ipo, nipe jibu kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Jioni ile ya kipimo Dada alijaribu tena wakati wa kula. Alisema, hakikutoka kitu. Aliweka sahani mezani, sahani haikugonga. Aliburuta kandambili zake kwa makusudi, zile zinazosikika mpaka kwa jirani, zikapita kama za paka. Akafungua mlango, akatoka nje kwenye ngazi, akasema, “Moja, mbili, tatu.” Ilisikika mpaka ghorofa ya chini. Jirani wa chini akajibu, “Nne!” Dada akarudi ndani, akapakua mboga.

Baadaye alimkonyeza Antena, wakatoka wote ngazini.

“Sauti yangu imeondolewa,” alisema. “Mashine imeniona mimi ni kasoro ya chumba.”

“Ulikuwa unapiga kelele wakati inapima.”

“Nilikuwa naongea na mume wangu.”

“Ndiyo hivyo. Akipima tena watu wote wakiwa kimya, itarudi.”

“Basi mwambie apime tena. Mimi huko ndani hata mwenyewe sijisikii. Naisikia kichwani tu, kama mtu aliyezama.”

Antena akaingia kumwambia. Shemeji alikuwa kitini, macho kayafumba, kidole kikifuata ngoma kwenye goti.

“Shemeji, Dada anaomba upime tena.”

“Kwa sababu gani? Bezi imekaa.”

“Hasikiki. Kuna kitu anataka kukwambia, cha ile kazi.”

“Mwenyewe ana mdomo,” Shemeji alisema kwa upole. “Aniambie.”

Dada alikuwa amesimama hapo hapo, na mdomo wake. Alimwambia. Shemeji akaongeza sauti ya muziki kidogo, pointi mbili.

Siku zikaenda. Mashine ilikuwa ya kisasa, haikukubali kuishia hapo. Kila Jumanne ilijirekebisha yenyewe. Jumanne ya kwanza dirisha la upande wa kulia halikuwepo. Ukuta ulikuwa mzima, rangi ile ile ya maziwa, hata ule mstari wa uchafu wa mgongo wa kochi ulikuwa umeendelea kupita pale. Antena alilijua dirisha lile, alilifunga kwa mikono yake, futi nne kwa tatu, kioo cha milimita tano. Akapapasa ukuta, akaugonga. Ulikuwa tofali.

“Kioo kinarudisha sauti,” Shemeji alimweleza. “Usichukulie vibaya, kazi yako ilikuwa nzuri.”

Dada akahamishia kamba ya nguo jikoni.

Jumanne ya pili ukuta wa kulia ulikuwa umesogea ndani vidole vinne, kwa sababu ule wa kushoto ulikuwa karibu zaidi na kiti na mashine inataka vilingane. Kabati la vyombo likakosa nafasi, likapelekwa chumbani. Mwenye nyumba alikuja na futi, akapima, akaandika kwenye kiganja, akapima tena.

“Mradi hamjatoboa,” alisema, akaondoka.

Kochi sasa lilikuwa karibu na kiti kiasi kwamba Antena akikaa, magoti yake yanagusana na ya Shemeji. Akilala ilibidi ajikunje kama mkasi. Asubuhi alipanda ngazi kwenye nyumba za watu, akafungua mashimo ya madirisha, akaingiza upepo kwa watu asiowajua. Jioni alirudi kwenye chumba chenye bezi safi.

Dada hakukaa bure. Alijaribu kumvizia mumewe ngazini, pale ambapo sauti yake inafanya kazi. Shemeji anapanda, mkoba wa mawe begani, Dada anashuka.

“Nasubiriwa jibu,” alimwambia. “Nataka kwenda. Unasemaje?”

Shemeji akaweka kidole mdomoni. “Mama, si hapa. Mambo ya ndani yanasemwa ndani. Ngazi zina masikio.”

Na kweli, yule jirani wa chini, wa “Nne!”, alikuwa amefungua mlango nusu.

Dada akaandika karatasi. Aliandika kwa herufi kubwa, NATAKA KWENDA, UNASEMAJE, akaiweka juu ya mto. Shemeji alivaa miwani, akaisoma mpaka mwisho, ingawa ilikuwa na maneno matatu.

“Barua tena?” alisema. “Watu wanaolala kitanda kimoja?”

Akaikunja mara nne akaiweka chini ya spika ya kushoto, ambayo ilikuwa inayumba. Spika ikatulia.

“Mwanamume huyo ametia pamba masikioni,” jirani wa Nne alitoa ushauri wake bila kuombwa. “Ondoka zako, mwanangu. Unampigia mbuzi gitaa.”

“Mbuzi angalau angeinua kichwa,” Dada alisema.

Antena naye alimsukuma aondoke. Wiki ya tatu, hapo hapo ngazini, alimwambia, “Dada, si uende tu? Basi linatoka kila asubuhi. Mimi nakubebea begi.”

“Sitoki kwa mtu kama mwizi wa kuku. Miaka sita, mdogo wangu. Akisema ndiyo nitashukuru. Akisema hapana nitajua nimeolewa na nani, na nitakwenda hivyo hivyo. Lakini aseme. Neno moja. Hata kuku ukimfukuza unamwambia kitu.”

“Na kama hasikii?”

“Kama hasikii si kosa lake,” alisema Dada. “Ni la mashine. Mtu halaumiwi kwa asichosikia.”

Hilo ndilo lililokuwa linamshikilia. Kila jioni alisimama pale pale, kati ya kochi na kiti, akiwa amenawa mikono kama mtu anayekwenda ofisini, akalisema swali lake lote tangu mwanzo, kwa adabu, bila sauti. Shemeji alifumba macho akasikiliza muziki wake. Halafu Dada akapakua.

Ikafika Ijumaa. Daktari wa meno alikuwa amesema atasubiri mpaka saa kumi na mbili jioni, baada ya hapo atampa nafasi mtu mwingine, na asilaumiwe. Antena aliaga mapema kazini. Saa tisa alikuwa sebuleni. Alikuwa ameamua kupima mwenyewe kabla Shemeji hajarudi. Kitabu alikisoma chote, sehemu nane, kimya kabisa. Kupima ni kazi yake, pima mara mbili kata mara moja. Akaitoa maiki kwenye boksi lake. Ili ajue kimo cha masikio, akakaa kwenye kiti.

“Unatafuta nini humo, mdogo wangu?”

Aligeuka. Dada alikuwa mlango wa jikoni, anafuta mikono.

Antena akainuka. Mdomo wa Dada ukaendelea kwenda, hakuna kitu. Akakaa.

“—na ukivunja kitu chake hapo tutaongea lugha nyingine,” alimalizia Dada.

Akainuka. Kimya. Akakaa, akasikia kandambili, akasikia friji, tone la bomba, bangili, hata ile pumzi ndogo anayovuta mtu kabla ya kusema. Ilikuwa safi kuliko ngazini. Ngazini kulikuwa na mwangwi. Hapa haukuwepo. Alifanya hivyo mara nne, juu chini kama pampu ya baiskeli, kwa sababu fundi harukii jibu. Halafu akabaki amekaa.

“Nakusikia,” alisema.

Dada akaacha kufuta mikono. “Tangu lini?”

“Tangu nimekaa hapa. Hapa tu. Nikiinuka unapotea. Kipimo kilichukuliwa hapa tu, Dada. Kiti hiki kinasikia kila kitu.”

Dada alikitazama kiti, kile kitambaa chake cha kahawia kilichochakaa upande wa mkono wa kulia. Alikitazama kwa muda ambao mtu anautumia kusoma barua fupi mara mbili.

“Na yeye anakaa hapo kila siku,” alisema.

“Kila siku.”

Hakulia. Alirudi jikoni kuzima jiko, maana kulikuwa na kitu kinaanza kuungua na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Shemeji aliingia saa kumi na moja na dakika kumi, kama kawaida. Akavua viatu, akaning’iniza mkoba.

“Inuka kwenye kiti changu, Antena.”

“Umekuwa unamsikia.”

“Inuka kwanza, tutaongea.”

“Wiki tatu, Shemeji! Umekaa hapa unamsikia kila neno!”

“Kila neno,” Shemeji alikubali. “Kipimo kimetoka vizuri sana. Hata akimeza mate.”

“Kwa nini hukumjibu?”

Shemeji akasimama akafikiria. Hakukasirika. Alikuwa na uso ule anaokuwa nao sokoni, anaposubiri mshale wa mzani utulie.

“Nikisema hapana, mimi ni mume mbaya,” alisema. “Nikisema ndiyo, nakaa peke yangu na spika. Nikinyamaza, hakuna kibaya nilichofanya. Nionyeshe mtu mmoja niliyemkosea.”

Antena akainuka, si kwa heshima, ni kwa sababu miguu ilitaka kufanya kitu. Shemeji akakaa. Kiti kikampokea. Dada akaja akasimama mahali pake, kati ya kochi na kiti, mikono imeoshwa. Alianza kusema. Safari hii hakuwa na adabu, shingo ilionyesha. Mishipa ilisimama, kiganja kilikuwa kinapiga kiganja kingine, na chumba kilikuwa kimya kabisa, bomba tu la jirani wa juu. Shemeji alisikiliza, kichwa kakiinamisha kidogo kushoto. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Anasema nini?” Antena aliuliza.

“Anasema chakula kiko tayari.”

“Muongo mkubwa! Chakula hakisemwi dakika tatu!”

“Basi kaa wewe usikilize.” Lakini hakuinuka.

“Mjibu, Shemeji. Ni saa kumi na moja na nusu. Ndiyo au hapana, mjibu!”

“Usinifokee ndani ya nyumba yangu.”

“Nyumba yako haina hata dirisha!”

“Kuna mtu amekufungia humu? Nimekuzuia mimi? Miezi minane unakula, nimekuuliza?”

“Nijibie hilo moja, hayo ya kula nitakujibu mimi!”

Shemeji akanyanyua mkono, polepole. “Sawa,” alisema. “Nitamjibu. Leo hii, kabla ya saa kumi na mbili. Lakini mambo ya mke na mume hayana mtazamaji. Tupishe.”

Dada alimsikia vizuri, kila mtu mle ndani alimsikia vizuri Shemeji. Akageuka kwa Antena. Akamwonyesha mlango kwa kidevu.

“Twende wote,” Antena alimwambia. “Akujibu ngazini.”

Dada akatikisa kichwa. Akamwonyesha tena mlango, na safari hii uso wake ulikuwa umefunguka, ule uso aliokuwa nao zamani akishika jino kwenye mwanga kuona kama limekaa. Alikuwa amelisubiri neno moja wiki tatu, na miaka sita nyuma ya hizo, na sasa lilikuwa limeahidiwa mbele ya shahidi. Akavuta kiti kidogo cha jikoni, akakaa, akajiweka sawa mgongo.

Antena akachukua begi lake la vifaa. Akavaa viatu. Alipoinua kichwa akamwona Shemeji ameinuka kitini, na mahali pake anasimamisha kile kijiti cha miguu mitatu, anakaza maiki, anainama kuangalia kimo kwa jicho moja.

“Unafanya nini?”

“Kuna bezi inavuja,” Shemeji alisema, bila kugeuka. “Wiki nzima naisikia. Inavujia mlangoni. Mashine itaushughulikia, kama dirisha lile.”

“Umesema utamjibu.”

“Kipimo kikiisha. Dakika mbili.”

Antena akamtazama Dada. Dada alikuwa amesikia hayo pia. Midomo yake ilisema kitu, kifupi sana, na kitini hakukuwa na mtu wa kukisikia. Halafu akamnyooshea kidole Antena, akanyoosha nje. Mikono akairudisha mapajani, akakaa kimya kabisa, kama kitabu kinavyotaka.

“Ukitoka uvute vizuri,” Shemeji alisema, kidole kikiwa juu ya kitufe.

Antena akatoka. Akauvuta mlango, ukafunga, haukutoa sauti.